Fimbo ya Baba Kwenye Baraza la Madiwani

Nafundisha siasa chuo kikuu, na wanafunzi wananijua kwa ukali wangu mmoja: usiniletee maneno ya kuambiwa. Ingia kwenye tovuti za serikali, fungua taarifa za Bunge, fungua mihtasari ya halmashauri, kisha uje tuzungumze. Asiye na waraka namkata alama bila huruma.

Muhula huu binti mmoja wa Mugumu aliandika juu ya mnada wa ng'ombe uliohamishwa kutoka kata yetu, Ringwani. Kwetu kila mtu anajua kwamba diwani wa wakati ule alipinga mpaka mwisho. Diwani huyo ni baba yangu. Heshima yake yote ya uzeeni imesimama hapo. Hata msibani watu humpisha kiti kwa sababu ya mnada ule. Binti hakujua tunahusiana. Aliambatisha muhtasari wa kikao cha madiwani kilichouhamisha mnada, na jina la baba liko chini ya wasiohudhuria. Hoja ilipita bila mpinzani.

Niliusoma mara tatu nimesimama, kukaa kulinishinda. Jumamosi nikapanda basi la kwanza, na njia nzima nilikuwa na hasira, sijui na baba au na mtoto wa watu.

Nilimkuta zizini. Nikamwamkia, na kabla hajauliza habari za safari nikamuuliza kama kikao kile cha mnada, nilichokisoma kwenye kompyuta, alikuwepo.

"Sikuwepo, lakini nilisema," alijibu bila wasiwasi. "Nilimpa diwani mwenzangu fimbo yangu aiweke mezani, awaambie nimekataa."

Kwenye vikao vya ukoo wetu hiyo inatosha. Fimbo ya mzee ikifika, neno lake limefika. Karani wa baraza hakuwa na mahali pa kuandika fimbo.

"Wewe ulikuwa wapi?"

Akanishangaa. "Mura, kijana wangu, si ndiyo siku niliyokusindikiza kwenda kuanza hiyo kazi yako?"

Nilirudi nikampa yule binti alama zote, maana alistahili, na iliniuma kuziandika. Tangu hapo darasani natembeatembea tu, siwezi kutulia mbele ya ubao.

Wiki iliyopita baba alipiga simu. Alitaka kujua serikali imemwandika vipi huko kwenye kompyuta. Muhtasari ulikuwa wazi mbele yangu.

"Wameandika ulikataa," nikamwambia.