Mkono wa Fundi Selestini

Ukiondoka Kigoma kwa ndege, keti dirishani. Kabla ndege haijageuka kwenda kuruka, utamwona mtu mrefu mwenye kizibao cha njano kinachong'aa, anakupungia mkono. Humjui, hakujui. Wapakia mizigo wamemzoea, humtania, "Fundi, leo shemeji yuko kiti gani?" Naye hucheka kidogo, akaokota vizuizi vya magurudumu, akaenda zake.

Huyo ni Selestini, jirani yangu hapa Katubuka. Kazi yake ni kuikagua ndege ikitua, kabla haijaruka tena: matairi, breki, oili, propela. Akiona kasoro, ndege inalala. Rubani awe na haraka namna gani, bila sahihi ya Selestini haendi mtu. Nawaambia mapema ili mjue siku ile alikuwa na uwezo gani mkononi.

Na mpenzi wake, Ishimwe, walikutana hospitalini. Selestini alikuwa akimpelekea shangazi yake ugali na samaki wa migebuka, na kitanda cha pili alilazwa Mama Rozalia, Mrundi, aliyeletwa kutoka kambi ya wakimbizi kwa ugonjwa wa moyo. Miguu imemvimba, anauguzwa na bintiye, ndiye Ishimwe. Huyu Kiha, wale Kirundi, wakasikilizana bila taabu. Binti akaitazama mikono ya Selestini, nyeusi kwa oili.

"Wewe kaka unauza mafuta ya taa?"

"Natengeneza ndege."

"Haya. Na mimi naendesha meli."

Ndivyo walivyoanza. Lakini Ishimwe na mama yake walishakubaliwa kuhamia nchi ya mbali, ambako mama angepasuliwa moyo. Binti akiolewa hapa, anaondolewa kwenye safari, na Mama Rozalia asingeweza kwenda peke yake. Hata kitenge alikuwa anafungwa. Tena vipimo vyao vya afya vilikuwa vinaisha muda wiki ileile ya safari. Wakiikosa ndege, wanaanza upya, mwaka au zaidi.

Siku moja kabla ya safari Ishimwe akapiga simu. "Sele, si wewe ndiye daktari wa ndege? Iambie ina homa." Akacheka. Selestini naye akacheka.

Kesho yake ndege ikatua. Selestini akaizunguka kama kawaida, akipitisha kidole kwenye ukingo wa propela. Kwenye panga moja, ukucha ukanasa. Kijiwe kilikuwa kimepiga pale, kimeacha pengo kama punje ya mchele.

Hapa ndipo penyewe, wenzangu. Pengo lile lingetosha. Angesema tu, "Hii haiendi," nani angembishia? Propela nyingine ingesubiriwa kutoka Dar, vipimo vingeisha muda, Ishimwe angebaki. Akalipima. Lilikuwa ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Akapima tena, safari hii akiomba kipimo kiikatae ndege.

Kwenye kivuli cha jengo, Mama Rozalia alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, anahema mdomo wazi. Alipomwona akainua kiganja. "Amahoro, mukwe wanje!" Mkwe wangu. Alimwita hivyo mbele ya watu wote.

Selestini akachukua tupa, akalilainisha lile pengo mpaka kidole kikapita bila kunasa. Akatia sahihi.

Sasa, wa mwisho kuachana na ndege ni fundi. Injini zikiwaka, husimama mbele ya rubani, mkono mmoja umeinua pini za magurudumu zenye utepe mwekundu, ili rubani aone zimetolewa. Mkono wa pili umeinua dole gumba. Haishushi mpaka rubani aitikie. Ishimwe alikuwa dirishani, anapunga. Selestini alimwona vizuri kabisa. Mikono yote miwili ilikuwa kazini. Rubani alipoitikia, ndege ikageuka, na dirisha likageuka nayo.

Mama Rozalia hakupasuliwa. Alifariki huko kwenye baridi yao ya kwanza, akisubiri zamu. Ishimwe akapiga simu. Haya alinisimulia Selestini mwenyewe, barazani kwangu, akizungusha kikombe kilichokwisha chai.

"Sele, ile ndege ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima."

"Haikuwa na kitu? Hata kidogo?"

Angeweza kumdanganya. "Kilikuwepo kidogo. Nikakitengeneza."

Kwenye simu akasikia magari ya huko yakipita.

"Ungekiacha," Ishimwe akasema. "Tungebaki. Mama angezikwa na watu wanaomjua. Huku tulikuwa watatu makaburini, na mmoja ni dereva."

"Nilitaka apone, Ishi."

"Najua. Ndiyo maana siwezi hata kukukasirikia." Akalia, halafu akasema, "Lakini hata mkono hukunipungia."

Hajapiga tena. Namba yake haipatikani. Siku hizi Selestini hupunga kwanza, ndipo hushika pini.

Ndiyo sababu nikasema, keti dirishani. Akikupungia, mpungie.