Koti Langu Kiunoni mwa Mgiriki

Jamani, chekeni mmalize, maana hata mimi nikikumbuka nashika kichwa, lakini siku ile nilikuwa nimedhamiria, liwalo na liwe, mama yake mchumba wangu Chantal anikubali kabla sijarudi kazini ghalani Okolona, mjini Louisville, huku Marekani.

Nilitoka Louisville alfajiri, nikampitia huyo Mama mkwe kwake Columbus, tukashika njia ya Buffalo anakosoma Chantal, na safari nzima Mama hakunena ila "asante mwanangu" nilipomnunulia chai. Tukafika mapema, Chantal bado yuko darasani. Mwenye akili angempeleka mama wa watu akale, mimi, nikitaka nionekane nimestaarabika, nikampeleka makumbusho, kwenye maonyesho ya mali za Wagiriki wa kale zilizoopolewa kutoka meli iliyozama (niliwaza: dhahabu na vyombo, mama gani atakataa?).

Na kweli ilianza vizuri! Mama akaona hereni za dhahabu, akaona bakuli za kioo zilizokaa baharini karne na karne bila ufa, akasema, "Na sahani zangu zinavunjikia kwenye sinki." Akacheka! Nikajisemea, Elias, mke umepata.

Nikatangulia kukata kona. Mungu wangu! Kijana wa marumaru, uchi wa mnyama, upande mmoja ameliwa na wadudu wa baharini, upande wa pili laini, kila kitu mahali pake. Nyuma nasikia viatu vya Mama vinakuja. Nyie, sisi tuliolelewa kambi ya wakimbizi Tanzania, ukikaa na mkwe hata wimbo wa mapenzi redioni unazimwa, leo tusimame wawili mbele ya mambo yale? Nikaruka kamba ya kizuizi, nikavua koti, nikamfunga Mgiriki kiunoni.

King'ora! Walinzi mbio, watoto wa shule wametoa simu, na mimi badala ya kuachia ndiyo kwanza nakaza fundo.

"Unafanya nini?" mlinzi akafoka.

"Mama mkwe anakuja!" nikamjibu kwa Kiingereza changu cha ghalani.

Wakanitoa nje, koti wakabaki nalo walikague, nikaambiwa nisikanyage tena pale. Chantal akaja mbio kutoka chuoni kwake Amherst, amefura kwa hasira. "Elias, umeniaibisha mbele ya mama yangu!" Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama akamkatiza. "Tulia. Nimezalisha wanawake kambini miaka yote ile, jiwe litanitisha? Twende ndani, sijamaliza hereni."

Wakaniacha garini, baridi ya Buffalo inanitafuna, nami nimeapa siondoki bila jibu.

Waliporudi, Mama akavua kitenge chake cha mabegani, akanifunika.

"Yule kijana wako nimemwona," akasema. "Wamemvua koti." Akafunga mkanda, akatazama mbele. "Waambie wazee wako waje."

Wazee wamekwenda, posa imepokelewa. Lakini mimi na makumbusho basi, hata kwa pingu siendi, na koti wabaki nalo.