Wa Kwanza Kuigusa Boti

Kwetu Kalundu, kando ya Ziwa Tanganyika, tulikuwa na desturi yetu: mwanamke wa kwanza kuigusa boti ya uvuvi ingali majini ndiye aliyepimiwa ndagala, dagaa wa ziwa letu, kabla ya wote. Hakuna aliyebisha. Dada yangu mkubwa, niliyemwita Yaya, hakushindwa na mtu. Alifunga kitenge juu ya magoti akaingia ziwani, na sisi tuliobaki mchangani tukamtania kwamba ameolewa na boti.

Mwaka ule watu walipoiasi serikali, wavuvi walikimbilia Burundi. Waasi walishika mji, wakatukataza hili na lile, wakajigamba kwamba risasi zikiwagusa hugeuka maji. Mimi niliwachukia wote, wao na serikali pia. Watoto wa Yaya, waliokwisha kufiwa na baba yao, walikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi wala samaki hadi wakachoka kulia.

Asubuhi moja yenye ukungu tukasikia injini ziwani. Mwenye njaa angefikiria nini kingine? Wanawake tukashuka mbio. Yaya akanisukumia beseni lake.

"Weye baki na beseni," akasema. "Minye naenda kushika ya kwanza. Leo batoto batakula."

Akaingia hadi kiunoni. Boti ilipotoka ukunguni niliona haina pua. Mbele ilikuwa bapa kama mlango. Nikamwita. Alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. Mlango ule ukaanguka, wanajeshi wa serikali wakaruka majini na bunduki juu ya vichwa, vijana wa mbali wasiojua kuogelea. Mmoja akauona ule mkono. Akapiga risasi, na Yaya hakuinuka tena.

Waasi walikuwa wameshatorokea milimani. Pale ufukweni tulikuwa sisi tu na mabeseni yetu.

Baadaye askari yule alirudi, kalowa. Akaniuliza kwa Kiswahili cha kubabaisha yule mama alitaka nini.

"Ndagala," nikamjibu.

Akaketi mchangani akalia. Sikumhurumia, na hadi leo simhurumii.

Vita ilipopoa wavuvi walirudi. Boti ya kwanza ilikaribia, na hakuna mwanamke aliyeingia majini. Mvuvi akauliza leo wa kwanza ni nani. Wenzangu wakamwambia hii imeshaguswa. Akapima, akalijaza beseni la Yaya nililokuwa nimelishika. Nilikwenda nikapika. Watoto wake walikula mpaka wakalamba sahani.