Makaa Juu ya Mfuniko

Kababu zikianza kunukia kwenye oveni, siwezi kukaa. Nafungua, nafunga, nafungua tena.

Nilipokuwa mtoto, Baba alikuwa amekatazwa mafuta kwa sababu ya presha. Mama akatwanga nyama ya bata mzinga wetu kwenye kinu, akaviringa kababu, akazioka kwenye sufuria pale uani kwetu Misunkumilo, makaa chini na mengine juu ya mfuniko. "Usifunue," akaniambia, akaenda bombani.

Nilikaa, nikainuka, nikalizunguka jiko. Nikafunua. Majivu yakamwagikia kababu zote.

Wakati wa kula mama alinikazia macho. Baba akatafuna taratibu, akasema, "Mama watoto, leo pilipili manga imekolea. Niongezee mbili."

Wanangu wanazisifia kababu zangu. Mimi naonja, naongeza pilipili manga, naonja tena.