Tambiko Chini ya Kilele cha Gureum

Pyo Gil-rye alianza na sufuria moja ya supu ya samaki mkavu kwenye njia ya mlima Gureum. Leo ana vyumba vya wageni vyenye sakafu inayopashwa moto kwa chini, na majira ya baridi huongoza wapanda mlima. Mimi humkodishia meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu, kwa hiyo namjua vizuri: tumewahi kubishana bei mpaka supu ikaganda.

Mwaka huu mdomo wake ulimponza. Klabu moja ya wapanda mlima kutoka mji wa Wonju ilitaka kufanya tambiko la mwaka mpya kwa mwenye mlima, yaani roho anayeulinda, na kijiji cha upande wa pili kilishawaalika. Gil-rye akawapokonya kwa ahadi kwamba kichwa cha nguruwe cha sadaka kitawekwa kileleni kabisa. Mzee Tak, mkuu wetu wa kijiji, akamwonya kwamba akivunjika mtu hata mmoja, njia itafungwa kwa mnyororo mpaka maua yachanue. Riziki yake yote ya majira ya baridi ikawa imening'inia kwenye safari hiyo.

Wageni walishuka kwenye basi wamevimba kama magodoro. Gil-rye akawaamuru wavue makoti, maana anayeanza na joto humaliza na baridi. Mgongo ukishalowa jasho, upepo hulimaliza jambo. Mwenyekiti wao, Bang, muuza vigae, akalalamika kwamba koti lake ni la gharama.

"Basi libebe," Gil-rye akamwambia. "Utalivaa tukisimama."

Chupa za maji akazipindua vichwa chini, kwa sababu barafu huanzia juu na kuziba mdomo. Mikono akaitoa mifukoni: anayeteleza akiwa ameificha huangukia uso. Pombe ya mchele ya tambiko akaibeba mwenyewe, asije mtu akajipasha joto la uongo njiani.

Tukafunga meno ya chuma, tukapanda. Theluji ilifika magotini, jua likawaka juu yake mpaka macho yakauma. Gil-rye alitangulia na kichwa cha nguruwe kwenye fremu ya mbao mgongoni, kikitukenulia meno njia nzima. Hata mimi, nisiyeinua mguu bila faida, nilijikuta naimba.

Tulipofika kwenye misonobari ya mwisho, wimbo ukakatika. Mbele yetu mgongo wa mlima ulikuwa mtupu, na upepo ulipeperusha theluji juu yake kama moshi wa nyumba inayoungua. Gil-rye akatoka hatua chache, akasukumwa, akarudi kwa magoti.

"Mama Pyo, uliahidi kilele," Bang akasema. "Wale wa upande wa pili wangetufikisha."

"Niliahidi. Hebu niambie, mwenye mlima si mzee wa ndevu nyeupe?"

"Ndiyo."

"Mzee wa umri ule, kwenye upepo huu, amekaa huko juu anakungoja wewe, au kateremka huku mitini kujikinga?"

Watu wakacheka. Bang hakucheka. "Na kama yuko juu?"

"Upepo unavuma kuelekea huko. Harufu itamfikia."

Bang akajikuna kidevu. Muuza vigae ni muuza vigae. "Umenipunguzia kilele. Unaniongezea nini?"

Gil-rye akafungua mkoba, akatoa rundo la mifuko mitupu ya mbolea.

Wakaweka kichwa cha nguruwe chini ya msonobari mkongwe, wakasujudu, wakammiminia mzee pombe yake. Kisha Gil-rye akawavua meno ya chuma mmoja mmoja, maana jino likinasa kwenye mteremko, goti huenda upande wake. Akawakalisha juu ya mifuko ile, akawafundisha kuteleza wakiwa wamebana miguu na kulala nyuma.

Bang akatangulia. Nilimwona akipotea kwenye vumbi jeupe, akilia kama mwana-mbuzi, na sote tukamfuata kwa makelele, mtu juu ya mtu, mpaka shamba la viazi lenye theluji laini likatupokea.

Mzee Tak alikuwa pale na mnyororo begani. Bang alikuwa amelala chali, kimya. Gil-rye akakimbia, akapiga magoti, akamshika miguu, kwanza mmoja, halafu wa pili.

"Usiniguse," Bang akasema, akitema theluji. "Naangalia njia ya kurudi juu."

Mzee Tak akamzunguka, akamwambia asimame, atembee, achuchumae. Bang akachuchumaa. Mzee akateremsha mnyororo begani, akamwuliza Gil-rye kama kuna mfuko uliobaki.

"Upo," Gil-rye akasema. "Lakini kwanza useme njia iko wazi, mbele ya watu hawa wote."

Mzee Tak akasema hivyo.