Nilivyowapima Kulwa na Doto

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Lagangabilili, nilimpima mtoto wa miezi minne nikaandika kilo nane na gramu mia mbili. Nilifurahi mno, nikaona kazi yenyewe rahisi. Msimamizi wa Vipimo, mama mrefu ambaye miwani yake ilikaa zaidi kwenye paji la uso kuliko machoni, alisoma kitabu changu, akamtazama mtoto akining'inia kwenye mizani, akakisoma tena.

“Minza, umempima mtoto au umepima duka?”

Mtoto alikuwa na sweta mbili, kofia, nepi iliyolowa, shanga kiunoni na hirizi mbili nene za ngozi. Nikaanza kuvua haraka haraka. Nilipofika kwenye hirizi, mama wa mtoto akanishika mkono.

“Hirizi huivui wewe,” Msimamizi akaniambia taratibu. “Mwombe mama aivue mwenyewe, aishike mkononi, na asimame karibu mtoto akimwona. Ukimvua wewe, mwezi ujao hawaji. Na mtoto asiyekuja hana uzito wowote kwenye kitabu.”

Tukapima upya. Kilo sita na nusu. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu, maana cheti changu cha kidato cha nne hakikuwa cha kumwonyesha mgeni.

Wadogo zangu mnaotaka kazi hii, nawaandikia nikiwa mstaafu. Chekeni tu. Nina miaka ishirini na tisa, mradi uliokuwa umeniajiri umemaliza miaka yake saba, na mtu ambaye kazi imemaliza naye mkataba kwa amani tumwiteje? Mimi najiita mstaafu, na mstaafu ana haki ya kusimulia.

Mradi wetu ulikuwa unafuatilia watoto tangu wanazaliwa mpaka wanaanza shule, ili kujua kwa nini uzito wao haukui sawa hata wanapokula chungu kimoja. Mwaka wa kwanza tulipima kila mwezi, baadaye kila miezi mitatu, halafu mara mbili kwa mwaka. Mtoto mchanga unamvisha suruali ya mizani, ile yenye kamba juu, unaining'iniza kwenye ndoano na kusubiri mshale utulie. Ukiusoma mshale unaocheza, unaandika machezo yake, si uzito. Urefu unapimwa mtoto akiwa amelala kwenye ubao, watu wawili, mmoja kichwani mmoja miguuni. Mkono wa juu unazungushiwa utepe wenye rangi. Ukisoma kijani, mtoto ana nyama ya kutosha. Ukisoma nyekundu, huna muda wa kuzungumza, unamkimbiza hospitali.

Na mara moja tu kwa kila mtoto, tulisugua kijiti chenye pamba ndani ya shavu kuchukua mate ya kupima vinasaba. Mtaalamu wa Vinasaba alitoka mjini kutufundisha, baba mpole aliyekunywa maji mengi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Alisema vinasaba ni maelekezo ambayo mwili unapewa, nusu kutoka kwa baba, nusu kutoka kwa mama. Ila ile nusu huchanganywa upya kila mtoto anapotungwa, ndiyo maana ndugu hawafanani. Kuhusu uzito, alisema, hakuna elekezo moja kubwa linaloamua. Yako mengi madogo madogo, moja linaongeza hamu ya kula, jingine linapunguza mafuta, na mengine hukaa kimya utotoni yakaja kusema mtoto akishakuwa mkubwa.

“Mtoto anapozaliwa,” alisema, “uzito wake unaeleza zaidi tumbo alimolala. Baada ya hapo ndipo mwili wake mwenyewe unaanza kuchagua njia.”

Niliyapenda maneno hayo. Usiku huohuo nikajiona daktari. Kumbe nilikuwa nimeyapata nusu, na nusu hiyo karibu ivunje nyumba ya watu.

Mwaka wa pili nilihamishiwa Migato. Pale zahanati ndipo nilipowapata mapacha, Kulwa na Doto, watoto wa kiume wa Masanja na mkewe Holo. Masanja ni mfugaji wa hapohapo. Holo kaolewa kutoka Kalemela, kwa wavuvi wa dagaa, mwanamke mdogo wa umbo ambaye akicheka unadhani kuna watu watatu. Mapacha walizaliwa na uzito unaokaribiana sana. Lakini kufika mwezi wa tisa, Kulwa alikuwa na kilo tisa na shingo ya kukunjana, na Doto alikuwa na kilo saba na kidogo. Wote wawili wananyonya, wote wawili wanakula uji uleule.

Siku ya kliniki walikuja na mama mkwe, ambaye kila mtu anamwita Mayu, yaani mama. Mayu hakukaa kwenye benchi. Alisimama mbele ya mizani kama anasubiri hukumu.

“Huyu Kulwa anamla mwenzake,” akasema. “Anamaliza maziwa. Kuanzia leo aachishwe, anyonye Doto peke yake.”

Holo akaniangalia. Miezi tisa tu! Nikaona sasa ndiyo nafasi yangu ya kutoa elimu. Na Masanja mwenyewe alikuwepo, kaegemea pikipiki, nikasema nitumie lugha ya wafugaji.

“Mayu, usimwachishe. Kulwa hamli mtu. Ni kama ndama tu. Ng'ombe ni mmoja, lakini ndama huyu anatoka na umbo la huku, yule na umbo la kule. Kila mmoja na damu yake.”

Masanja akainua kichwa. “Huku na kule wapi?”

Kabla sijajibu, mama mmoja kwenye foleni akapaza sauti: “Masanja, si umeambiwa! Nzagamba walikuwa wawili!”

Nzagamba ni dume la ng'ombe. Foleni nzima ikaangua kicheko, mpaka watoto waliokuwa wanalia wakanyamaza. Masanja hakucheka. Alikuja mpaka mezani kwangu.

“Kumbe ndiyo maana mlisugua mashavu. Ile ni DNA. Nataka majibu yangu.”

Hapa kwetu, wadogo zangu, mtu akisikia DNA anajua kitu kimoja tu, kumtafuta baba wa mtoto. Nikaanza kueleza, maneno yakanigongana mdomoni, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana naficha. Wakaondoka. Holo alipita mbele yangu na mtoto mgongoni na mtoto kifuani, hakuniaga.

Baada ya siku mbili nikapata habari. Holo anarudishwa kwao Kalemela Jumamosi. Ataondoka na Doto. Kulwa atabaki, kwa sababu Kulwa ndiye anafanana na baba.

Nilimpigia Msimamizi nikilia. Nikamwambia awaombe watu wa maabara watume majibu, tuokoe ndoa.

“Hakuna majibu ya mtu mmoja mmoja,” akasema. “Sampuli zina namba, hazina majina. Na hata ningekuwa nayo nisingempa. Hatukuchukua mate ya watoto kuja kumshtaki mama yao. Umesikia?”

“Nimesikia, mama.”

“Sasa futa machozi. Cha kwanza, una uhakika Doto ni mzima? Usiende kutetea udogo wa mtoto kumbe mtoto anaumwa. Nenda na muuguzi. Cha pili, ndoa umeivunja kwa mdomo, kaijenge kwa mdomo.”

Ijumaa asubuhi nikaenda na Muuguzi wa zahanati. Tulikuta begi la Holo liko mlangoni limefungwa, na yeye kakaa juu yake, watoto wote wawili wananyonya. Muuguzi akamkagua Doto kichwa mpaka miguu, akabonyeza nyayo kuona kama zimevimba, akapima malaria, akazungusha utepe. Kijani. Doto akamshika pua Muuguzi akaivuta. “Huyu mzima,” Muuguzi akasema, “tena mtundu.”

Nikafungua kadi zao mbili za kliniki, zenye mstari wa uzito wa kila mwezi, nikaziweka pamoja. Tangu mwezi wa tano, mstari wa Kulwa unapanda juu, na wa Doto unapanda chini yake, ukingoni mwa rangi ya kijani. Lakini unapanda! Haukulala hata mwezi mmoja. Mtoto anayenyimwa maziwa mstari wake unajikunja. Wa Doto ulikuwa unakwenda sambamba na wa kaka yake kama magurudumu ya mkokoteni.

Lakini kadi haikuwa ya kumtuliza Masanja. Nikamfuata Mayu zizini, ng'ombe walikuwa hawajatoka.

“Mwangaluka, mayu,” nikamwamkia.

“Mwangaluka, ng'wanawane,” akaitikia, yaani mwanangu. “Umeleta majibu?”

“Nimeleta swali. Nzagamba wa hapa ni wangapi?”

“Mmoja. Yule mweusi. Tangu baba yake Masanja yu hai ni huyo tu.”

“Na mitamba wale wawili, wenye baka, mama yao nani?”

Uso wa Mayu ukafunguka. Ukitaka kuwa rafiki wa Mayu, muulize habari za ng'ombe. “Mama yao huyu hapa. Yule mkubwa kamfuata baba, unaona nundu? Yule mdogo kamfuata bibi yake, ng'ombe mfupi, tuliletewa wakati wa ukame. Bibi huyo mdogo hivyohivyo, lakini maziwa! Na haugui.”

“Walipozaliwa je?”

“Sawasawa. Walianza kuachana baadaye kidogo.”

“Kwa hiyo huyu mama yao alikwenda kwenye zizi la jirani?”

Mayu akacheka mpaka akashika mlango wa zizi. “Ng'ombe wangu? Aende wapi! Nimekwambia dume ni...”

Akanitazama. Akatazama mitamba, halafu akatazama kule mlangoni, Holo alikokaa juu ya begi. Mimi sikuongeza neno, na kwangu kunyamaza ni kazi kubwa kuliko kupima.

“Masanja!” akaita. Masanja akaja, mikono mfukoni. “Wewe na kaka yako nani alikuwa mkubwa?”

“Kaka.”

“Wewe ulimfikia wapi?”

“Hapa,” Masanja akaonyesha kwapani.

“Mlipishana mwaka mmoja tu, na mpaka leo hujamfikia. Sasa niambie, mwanangu, na mimi nilikuwa na nzagamba wawili?”

Jamani, kuna swali ambalo mwanamume hawezi kulijibu mbele ya mama yake. Masanja alitazama viatu vyake. Muuguzi, aliyekuwa amenifuata zizini, akajifanya anatafuta kalamu.

“Hapana, mayu,” akasema mwishowe, sauti ndogo.

“Basi kafungue begi la watu.”

Akaenda. Alilifungua mwenyewe, akiwa amepiga magoti, akatoa kanga moja moja. Holo alizihesabu mpaka kanga ya mwisho. Ndipo akasema, “Zikunje vizuri, usizirushe,” na Masanja akazikunja.

Hapo nikaeleza upya, polepole, kwa kadi. Kwamba mapacha hawa walitoka kwenye mayai mawili, ni ndugu wa kawaida waliosafiri pamoja. Tumboni nafasi ilikuwa moja, ndiyo maana walizaliwa wanakaribiana. Baada ya hapo Kulwa kashika njia aliyorithi upande mmoja, Doto upande mwingine, na baba yao ni huyohuyo anayekunja kanga. Kulwa aendelee kunyonya. Mayu akasema, “Wabeja,” ndiyo asante hiyo, akaenda kuwatoa ng'ombe.

Nikamwomba Holo msamaha. “Mdomo wako una mbio kuliko pikipiki,” akaniambia. Lakini akaniletea kiti.

Nilihamishiwa Kalemela mwaka wa nne, nikamtafuta mama yake Holo kwenye vichanja vya dagaa. Nilimtambua kabla hajajitambulisha, umbo lilelile, kicheko kilekile. Nikamuuliza Holo alikuwaje utotoni. “Holo?” akasema. “Alianza darasa la kwanza mwalimu akamrudisha nyumbani, akasema mtoto bado. Alikuja kukua ghafla darasa la tano.” Niliruka palepale kwenye mchanga, nikamwandikia Mtaalamu ujumbe wenye alama za mshangao kumi. Akanijibu: “Safi sana. Lakini bibi mmoja si ushahidi. Endelea kupima.” Nikaendelea kupima.

Na nilijifunza kutotupia kila kitu kwenye urithi. Kuna mtoto wa Kalemela ambaye mstari wake ulianguka, ndugu wakasema ukoo wetu ni wa watu wembamba. Tulimpeleka hospitali, wakamkuta na kifua kikuu. Urithi unampa mtoto njia yake. Akitoka kwenye njia hiyo, kuna kitu kimemsukuma, na wewe ndiye wa kuuliza ni nini. Ukimkuta wa miaka minne amekonda, uliza pia, lakini usipige kelele. Umri huo wengi hupungua unene, kisha miili inaanza tena kujaa, wengine mapema, wengine wamechelewa, na hilo nalo huwa na mkono wa wazazi wawili.

Mzunguko wa mwisho ulinirudisha Migato. Kulwa na Doto walikuwa wanakwenda miaka saba, tayari shuleni. Kulwa ana mabega. Doto anamfikia masikioni, na ndiye anayemaliza mbio wa kwanza, Masanja alinisimulia hilo mara tatu kabla sijafungua mizani. Kwa mikono yangu niliweka nukta zao za mwisho. Mistari miwili mirefu, hakuna uliokatika.

Nimestaafu, ndiyo. Nimeomba chuo cha uuguzi, na kabla ya hapo itabidi nirudie mitihani. Vitabu nimeshanunua. Siogopi, nimeshashindwa mbele ya foleni nzima ya kliniki na bado niko hai.

Mtoto wa mwisho kumpima katika kazi yangu alikuwa binti wa Holo, wa siku tisa. Mama mmoja akachungulia kwenye suruali ya mizani, akauliza kwa uchokozi, “Haya Mayu, huyu naye kamfuata nani?”

Holo akaanza kujibu. Mayu akamzuia kwa mkono.

“Mwache kwanza anyonye,” akasema. “Atatuambia mwenyewe, na atakachotuambia tutakipokea.”

Mshale ukatulia. Nikaandika.