Email kwa mteja nisiyemjua: nilisubiri jibu, halafu nikaomba lisije

Wakuu, salaam kutoka Kampala.

Haya yamenipata mwenyewe, sikuhadithiwa. Majina nimebadilisha kwa sababu wenyewe bado naonana nao, na mmoja wao hajamaliza kunikasirikia.

Nakaa Namuwongo, chini huku karibu na reli. Mimi na dada yangu Furaha tulitoka Bukavu, tukaanzisha udobi. Mtaji wetu wote ulikuwa mashine moja kubwa ya kufua na kukausha, tuliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anahama.

Tatizo ni kwamba mtaa wetu unafua kwa beseni. Waliotuletea nguo ni mabachela, nao wakizidiwa na mvua tu. Siku nyingi mashine ilikaa imefunikwa kitenge kama mgonjwa.

Akatokea mnunuzi kutoka Nateete. Akaufungua mlango wa mashine, akaizungusha ngoma kwa mkono, akasema atarudi mwisho wa mwezi na gari.

Furaha aliniambia bila kunitazama: "Yaya, nakupa mpaka huyu mtu arudi. Mashine ikienda, na mimi naenda na watoto. Sitakaa Kampala kuangalia ukuta."

(Watanzania msicheke, kwetu yaya ni kaka mkubwa.)

Bukavu hakukuwa na nyumba ya kurudia. Yeye alijua, na mimi nilijua.

Nikaona tutafute wateja wakubwa: guest house, saluni, kliniki. Connection sina hata moja. Njia iliyobaki ilikuwa cold email, yaani kumwandikia mtu asiyekujua na ambaye hajakuuliza chochote.

Nikachukua template mtandaoni. "I hope this email finds you well." Halafu: "We are a leading provider of laundry solutions."

Leading provider, mwenye mashine moja na kitenge.

Nikatuma kwa kila anuani niliyoipata kwenye vibao na website. Kimya.

Wakuu, kusubiri jibu la email kuna wasiwasi wake. Simu ikitikisika moyo unatangulia, kumbe ni kampuni ya simu inakuuzia bundle. Nilifikia kujitumia email mwenyewe nihakikishe kama zinafika. Ilifika.

Siku moja jibu likaja. Nikamwita Furaha, akaja na mikono ina povu. Tukasoma pamoja: mhusika yuko likizo, ujumbe huu umetumwa na kompyuta.

"Kwa hiyo ni mashine ndiyo imejibu?"

"Ndiyo."

"Basi iache iongee na ya kwetu. Labda itapata rafiki."

Akarudi kwenye povu lake. Mimi nikaisoma upya ile email niliyokuwa natuma.

Zamani niliandika habari za redio ya jamii. Mhariri wetu alikuwa akikurudishia karatasi anauliza mawili tu: Ulikwenda? Uliona nini?

Kwenye email yangu sikuwa nimekwenda popote. Ungeweza kumtumia daktari au kinyozi, na wote wangeona haiwahusu. Toka salamu hadi namba ya simu nilikuwa najieleza mimi.

Kesho yake nikapanda kilima cha Muyenga kwa miguu. Nikazunguka nyuma ya guest house moja ambayo jina la meneja wake, Madam Proscovia, nilikuwa nimelikuta kwenye website yao.

Kamba zilikuwa zimejaa mashuka meupe, na wingu lilikuwa limeshafika. Matone ya kwanza yakaanguka, akatoka mama mmoja anakimbia kuyaanua. Kumbe ni Mama Zaituni, jirani yetu, Mnubi, mtu mzima mwenye maneno yake.

"We Mukongo, unachungulia mashuka ya watu?"

"Nakusalimia, mama."

"Nisalimie huku umeshika ncha hii."

Nikaingia, nikashika. Tulipokuwa tunakunja niliyasikia mikononi kuwa bado mabichi. Akanieleza kwamba msimu huu hayakauki kabisa, anayamalizia kwa pasi mpaka mvuke unamwingia machoni. Wiki iliyopita mgeni alilazwa kwenye shuka lenye unyevu, akapiga kelele mpaka madam akashuka na ndara.

Alisimulia huku anacheka. Na mimi nikacheka.

Nikateremka haraka kama mtu aliyeokota kitu. Niliandika kwa Kiingereza, lakini maana yake ilikuwa hii:

"Madam Proscovia, leo asubuhi nilipita nyuma ya nyumba yenu mvua ikianza. Mashuka yaliondolewa kambani yakiwa bado mabichi. Wiki iliyopita mgeni wenu alilalamikia shuka lenye unyevu. Tuko hapa chini Namuwongo, na mashine yetu inakausha hata mvua ikinyesha. Naomba mashuka ya chumba kimoja tu, bure, niyarudishe yamekauka mpime wenyewe."

Kwenye subject nikaweka: Mashuka yenu na mvua.

Nikatuma. Kwa mara ya kwanza nilihisi nimeandika kitu. Nikamsomea Furaha kwa fahari.

Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Hiyo ya mgeni, wewe ulikuwapo?"

"Hapana."

"Na kule nyuma wanafua watu wangapi?"

Mama Zaituni anafua peke yake.

Wakuu, email ikishatoka haina mkia wa kuivuta. Kila mtaalamu wa mambo haya atakwambia ukikosa jibu tuma follow-up. Mimi niliandika follow-up ya kumwomba asiitilie maanani ile sentensi, nikaifuta. Ningemwonyesha mahali pa kuangalia.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zile za kimya cha mwanzo. Jibu likikosekana, mashine inakwenda Nateete na dada yangu anakwenda Bukavu. Jibu likija, huenda limepita juu ya kazi ya Mama Zaituni. Nilishika simu nikajikuta naomba nisijibiwe, na papo hapo naangalia kama network ipo.

Nikaona bora nimwambie mwenyewe. Nilimkuta mlangoni kwake anachambua mchele.

"Jina langu umeandika?"

"Hapana, mama."

"Ungeliandika tu. Pale nyuma ni mimi na kamba." Akaendelea kuchambua. "Binti yangu anasoma kwa mashuka yale. Wewe tafuta kazi yako, Mukongo. Usinitafutie na mimi ya kutafuta."

Nikaaga, hakuitikia.

Simu ilikuja siku hiyohiyo, namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamke, taratibu, Kiingereza cha ofisini. Hakusalimia kwa kirefu.

"Nani alikuambia habari za mgeni wangu?"

Furaha alikuwa amesimama mbele yangu. Aliona uso wangu, akajua ni nani.

Nikasema: "Madam, hilo sitalisema. Sikupaswa kuliandika. Kamba zenu nimeziona kwa macho yangu, na ninachoweza kuzungumza na wewe ni hizo kamba."

Nikasikia mlango unafungwa upande wake. Nilijua hapo nimeipoteza mashine.

"Njoo Alhamisi," akasema. "Na mtu anayeendesha hiyo mashine."

Alhamisi tukapanda mimi na Furaha. Ofisini tukamkuta Mama Zaituni amesimama pembeni, ameitwa. Mikono ameikunja, hanitazami.

Kabla madam hajaanza, Furaha akamwahi. Alisema kwa Kiingereza chake kifupi kwamba sisi tunafua na kukausha tu, pasi za kutosha hatuna, na vyumba vya watu hatuvijui. Kama mama huyu hatakuwepo kupiga pasi na kutandika, sisi kazi hii hatuiwezi.

Haikuwa mbinu. Pasi tulikuwa nayo moja, na waya wake ulikuwa umeungua.

Madam akamgeukia Mama Zaituni. "Wewe unaonaje?"

"Mvua imenichosha, madam. Wakaushe. Ila vitanda vyangu mtu asiniguse."

Madam akafikiri, akasema tujaribu mpaka msimu wa mvua uishe. Tulipokuwa tunatoka akaniita kwa kidole.

"Email yako ilikuwa nzuri," akasema, "mpaka sentensi ya pili."

Sentensi ya tatu ndiyo ile ya mgeni. Hakuongeza neno, na mpaka leo hajalirudia jambo hilo.

Mnunuzi wa Nateete alikuja na gari lake mwisho wa mwezi. Alikuta ngoma inazunguka, akasimama kidogo kuitazama, akaondoka. Furaha hakutoka hata nje, alikuwa anahesabu foronya.

Nilichojifunza, kwa anayetaka kuwaandikia wateja wasiomjua: nenda kwanza. Andika ulichokiona ukiwa umesimama barabarani, ambacho mwenyewe akitoka nje atakiona pia. Kiwe kifupi, kimhusu yeye, na uombe kitu kidogo asichoogopa kukupa. Ulichoambiwa na mtu huku mmeshika ncha mbili za shuka, kiache pale kwenye shuka, hata kama ndicho kitakachofanya email isomwe. Hasa kama ndicho hicho.

Wenye biashara humu, hebu niambieni: mnapomwandikia mtu msiyemjua, mpaka wa kutaja mnachokijua kumhusu mnauweka wapi? Na nyinyi mnaoandikiwa, ni email gani iliwafanya mjibu? Nasoma zote.

Mama Zaituni kazi anayo bado. Binti yake anasoma. Kila asubuhi nikifika kuchukua mashuka namsalimia na kumuuliza habari za huko ndani.

Ananitazama kwanza, halafu anasema: "Unauliza, au unaandika?"